Unga Kwake, Pumba Kwangu

Ibadakuli, Shinyanga
5 Mei 2024

Mwanangu Hamza,

Marahaba. Najua umeniamkia hata kama uko mbali, kwa hiyo naipokea kabisa tusipoteze karatasi. Mimi mzima, mashine nzima, umeme unakatika kama ulivyozoea kukatika.

Spika imefika. Chacha kondakta ameniletea mwenyewe mpaka hapa mashineni, na nikaifungua palepale mbele ya foleni. Kusudi! Walikuwepo watu kumi na wanne na madebe yao ya mahindi, nikawaambia wote: hii ameinunua Hamza wangu, fundi wa makarasha ya Nyarugusu, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Mzee mmoja akasema, "Kumbe mama anasaga mahindi na mtoto anasaga mawe?" Nikamjibu, "Ndiyo, kwetu hatuogopi kitu kigumu." Wakacheka mpaka foleni ikavurugika.

Ile kadi ndogo ya muziki iliyokuwa ndani ya bahasha ninayo pia, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Sijaisikiliza. Kwanza tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu. Jina la Mama Euphrasia limo mara kumi na moja. Mimi nimo mara mbili, na moja katika hizo mbili ni juu ya bahasha. Nimeelewa kwamba ndiye mwenye nyumba uliyopanga. Nimeelewa ni mwalimu mstaafu, anafundisha kwaya, na kila Jumapili makarasha yakizimwa anawasha muziki wa kale wa Wazungu, nawe unakaa barazani kwake kusikiliza. Nimeelewa pia kwamba anakupikia ndizi. Habari za ndizi sikuziuliza.

Niliposimama ni hapa: "Mama, tumekuchagulia vipande vitano vya muziki huo, vinavyomfaa msikilizaji mpya." Msikilizaji mpya! Mimi, Hamza? Babu yako Abdulshakur alikuwa na gramafoni Tabora wakati watu wanatembea nusu siku kuja kuitazama tu. Nimelelewa na fidla na ganuni za taarabu. Nimeimba maharusini kuanzia hapa mpaka Kagongwa, na huko Kagongwa bibi harusi alilia wanja ukamchuruzika mpaka kidevuni, ikabidi apambwe upya. Leo niwe mpya kama mtoto wa chekechea?

Na hilo jina lake. Euphrasia ni mtoto wake au ni yeye mwenyewe? Uniambie. Mimi ni Mama Hamza, na kwenye jina hilo sina mama mwenzangu.

Usinijibu kwa simu. Mtandao wa huko kwenu unazidi kuharibika, nakusikia kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Andika.

Idd ya kuchinja unakuja, si ndiyo? Mbuzi nimeshamtia macho.

Mama yako,
Chiku binti Abdulshakur
(Mama Hamza wa Mashine)


Nyarugusu, Geita
14 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Nimecheka, halafu nimeona haya. Hilo neno "mpya" ni langu, si lake. Mimi mwenyewe ni mpya. Mpaka Februari nilidhani muziki huo ni wa kwenye misiba ya viongozi.

Euphrasia ni jina lake. Hakujaliwa mtoto. Mumewe, mzee Cornel, alifariki miaka sita iliyopita. Watu wanamwita Mama kwa heshima tu.

Nikueleze ilivyoanza. Nilikuwa namtengenezea redio, ya zamani, ya kuweka kaseti. Nilipomaliza akaijaribu kwa muziki wake. Mimi nikasema, samahani mama, mbona wanapiga wote kwa wakati mmoja, mtu ataelewa nini? Akaniambia: "Fundi, usiwasikilize wote. Chagua chombo kimoja ukifuate mpaka mwisho, kama unavyosikiliza beringi moja kwenye mashine yenye beringi sita."

Mama, nikaelewa hapohapo. Si ndivyo ulivyonifundisha? Ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na macho umefumba. Nina miaka tisa uliniambia, "Beringi inayokufa inalalamika, tatizo watu hawaisikilizi." Sasa hebu usikilize na huu hivyohivyo.

Namba moja ni fupi, dakika tatu. Filimbi iko juu kabisa, kama ndege anayeamka kabla ya watu, na fidla nyembamba zinamjibu. Ya pili ni fidla moja na kinanda. Ya tatu anaimba mwanamke, sauti ya juu. Ya nne ndefu, ukichoka iache. Ya tano ni wote pamoja na ngoma kubwa, lakini usiikimbilie kwa sababu ina vishindo. Zima mashine. Usipike wala usichambue mchele. Sikiliza namba moja mara tatu kabla ya kwenda ya pili.

Na ujue hii: namba moja niliichagua mimi. Yeye alitaka uanze na nyingine. Nikamwambia hapana, huyu ndege anafanana na mama anapopandisha sauti mwisho wa ubeti.

Uniambie umempendaje.

Mwanao,
Hamza


Ibadakuli
24 Mei 2024

Mwanangu Hamza,

Nimetii. Jumanne saa nane mchana nilizima mashine, wateja wakanuna, nikawaambia nina kazi na mwanangu. Doto muuza dagaa akaja, maana Doto kitu kikifunguliwa lazima awepo. Tukakaa kwenye mkeka. Nikabonyeza namba moja.

Hakuna kitu.

Taa ya buluu inawaka, namba zinahesabu, na kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, watoto wa jirani wakaziba masikio, wale watukutu, wananidhihaki kila siku. Wamezoea pia kuja na debe na kuninong'oneza kama wezi, "mama dona," "mama sembe," mpaka niwakemee wafungue midomo.

Doto naye akafumba macho, akasema, "Ee, mayu wee, ndege huyo!" Ndege gani? Nikamtazama. Unamfahamu Doto, msibani huwa anaitikia dua asiyoijua kwa sauti kubwa kuliko shehe. Sikumwumbua. Nikasema tu, "Eeh, mzuri." Nikarudia mara tatu kama ulivyoagiza, na mara zote tatu nikakaa natazama taa ya buluu wakati mwenzangu anatikisa kichwa.

Namba mbili, kinanda kinasikika, fidla hakuna. Kinanda kinamsindikiza mtu asiyekuwepo. Namba tatu, mwanamke anakuja na kuondoka, kama anaimba huku anafungua na kufunga mlango. Ya nne niliiacha. Ya tano, hiyo ndiyo muziki! Ngoma iligonga mpaka sahani za Doto zikalia.

Sasa nikwambie ninachokiona. Mimi ni msagaji, miaka ishirini na sita. Mtu mwenye roho ya choyo akichekecha namjua: unga safi anauweka pembeni kwake, pumba anawapelekea kuku wa jirani. Huyo mwalimu wako amekunakilia wewe kadi nzima, ndege na fidla na kila kitu, kisha akasema, aa, yule wa Shinyanga msaga mahindi, atajua nini, mpe hii iliyopwaya. Unga kwake, pumba kwangu. Na ndege ambaye wewe umemchagua kwa ajili yangu, kwa sababu ya sauti yangu mimi, amembakiza kwake barazani!

Nimesema. Kama kuna dhambi, Mungu anisamehe, lakini nimesema.

Hujaniambia kuhusu Idd.

Mama yako,
Chiku


Nyarugusu
2 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Kadi yako na yangu ni sawa. Nilinakili mwenyewe kwenye simu yangu, yeye hakuigusa. Nimejaribu tena hapa na ndege yupo.

Nisamehe, nimemsomea Mama Euphrasia barua yako. Nilifika kwenye pumba nikaruka. Akasema, "Fundi, umeruka. Rudi." Nikarudi. Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini nilipofika pale uliposema kinanda kinamsindikiza mtu asiyekuwepo, aliacha kucheka. Akaomba nirudie. Akaniuliza: mama yako ana miaka mingapi? Mashine ni ya muda gani, na yeye hukaa upande gani wa injini? Watoto wakimsemesha anawajibu mara ya kwanza? Nikamwuliza kwa nini, akasema basi tu. Siku ile hatukusikiliza kitu.

Kuhusu Idd. Mama, kwaya yake ina tamasha Jumapili tarehe 16, wanakuja na wengine kutoka Geita mjini, na ameniomba nisimamie vyombo vya sauti. Hakuna fundi mwingine anayemwelewa. Idd inaweza kuangukia siku hiyohiyo au kesho yake. Nitafika Idd pili. Ni siku moja tu, mama. Mbuzi usimngojeshe.

Mwanao,
Hamza


Ibadakuli
8 Juni 2024

Mwalimu Euphrasia,

Tumsifu Yesu Kristo, kama mnavyosalimiana ninyi, na asalaam aleikum kama tunavyosalimiana sisi, ili lisibaki deni.

Hatufahamiani. Mimi ni mama mzazi wa Hamza. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta makosa kwenye barua hii, kalamu nyekundu iweke chini, usome maneno.

Ulimwuliza mwanangu umri wangu. Nina hamsini na nane. Umeridhika? Ulitaka kujua nazeeka lini ili urithi? Na mashine yangu nakaa upande gani, hilo nalo linaingia kwenye muziki wenu? Nakaa upande wa injini. Ndipo palipo na swichi, ndipo anapokaa mwenye mali.

Kwa kuwa unapenda kuuliza, nikupe na usiyoyauliza. Baba yake Hamza alifariki mtoto ana miezi mitano. Mashine ilikuwa ya dizeli siku hizo, inatetemesha mpaka meno. Sikuwa na wa kumwachia. Nilimfunga mgongoni nikawa nasaga naye, na kwa kuwa alikuwa analia kwa ule mngurumo, nilimwimbia. Kumwimbia mtoto kando ya mashine si sawa na kumwimbia barazani, mwalimu. Unapandisha sauti mpaka iwe juu ya injini, unaishikilia hapo kutwa nzima, na koo likikauka unakunywa maji unapanda tena. Alinyamaza. Alilala. Wateja walikuwa wanasema yule mtoto bila mashine na mama yake halali. Kwa hiyo hilo sikio unalojivunia barazani kwako, ukasema fundi ana sikio, ooh, fundi anaelewa haraka, hilo sikio nimelichonga mimi. Wewe umelikuta limeshachongwa.

Mwaka mzima unaye. Asubuhi unaye, jioni unaye, Jumapili unaye. Ndizi unampikia, sawa, ale, asife njaa. Mimi nina Idd mbili tu. Miaka ishirini na saba hajakosa Idd kwangu hata moja, hata mwaka ule mvua ilipokata barabara alifika na matope mpaka kiunoni. Na wewe umechukua moja kwa ajili ya nyaya za spika.

Mwingine angekuandikia matusi. Mimi nakuomba. Nirudishie mwanangu kwa Idd. Huyo ndege wako baki naye.

Chiku binti Abdulshakur,
Mama Hamza


Nyarugusu
13 Juni 2024

Mama Hamza,

Asalaam aleikum.

Barua hii anakuletea Hamza mwenyewe. Nimemwambia apande basi la kesho Ijumaa, Idd imkute mlangoni kwako. Kwaya itaimba bila spika. Babu zao waliimba bila spika na Mungu aliwasikia.

Nimeifunga kwa gundi kwa sababu yaliyomo ni yako peke yako. Hamza hajui. Sikumwambia kwa sababu si yangu kumwambia.

Mume wangu Cornel alichoronga miamba kwa miaka kumi na tisa. Mtu akishika ile mashine ya kutoboa mwamba huwezi kusema naye hata ukimshika bega. Aliporudi nyumbani jioni alianza kulalamika kwamba nanong'ona. Mimi, mwalimu, sauti yangu inafika uwanjani! Kisha akasema redio imeharibika. Akanunua nyingine, nayo akasema imeharibika. Simu ikawa mtandao mbovu. Akawafokea watoto wa jirani kwamba wanamdharau, hawasemi wazi. Chiriku wanaolia asubuhi kwenye ua wetu aliniuliza wamehamia wapi. Na mimi, Mama Hamza, kwa miaka minne nilidhani hanitaki tena, kwamba ananisikia anaamua kunyamaza. Tulikaa nyumba moja kama wapangaji. Siku tulipokwenda kwa daktari alituambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia: kelele za mashine haziui sikio zima. Zinaanza na sauti nyembamba, za juu. Filimbi. Fidla. Watoto. Ndege. Ngoma zinabaki hadi mwisho, ndiyo maana mtu anaapa kwamba anasikia vizuri.

Uliposema kinanda kinamsindikiza mtu asiyekuwepo, nilimsikia Cornel. Ni maneno ambayo yeye angeyasema kama angejaliwa ulimi kama wako.

Kadi yako ni nzima. Doto hakudanganya.

Nenda hospitali. Nisamehe kukuambia kwa kalamu, ila nilichelewa kumwambia Cornel, na sitaki kuchelewa mara mbili.

Kisha nimefanya jambo moja. Ile orodha ya Hamza nimeigeuza juu chini. Wanaoanza huwa tunawaanzishia filimbi kwa sababu ni nyepesi. Wewe anza na vilivyo vizito. Nimeweka kwenye kadi mpya: fidla kubwa nne, zile zinazoshikwa katikati ya magoti, zinaimba peke yao. Weka kiganja juu ya spika. Cornel alisikiliza hivyo mpaka siku za mwisho.

Umeniandikia kwa wivu, nami nikujibu kwa ukweli. Kila Jumapili mwanao anakaa dakika kumi na muziki wangu, halafu mahali pazuri kuliko pote, pale ninapongoja aseme kitu, anaanza kuimbia puani wimbo mwingine. Nikimwuliza ni nini, anasema, "Huu mama alikuwa akiimba." Juu ya muziki wangu wote, kila wiki! Wimbo huo umenikera mwezi wa nne sasa, na sijui hata maneno yake.

Idd njema.

Euphrasia


Ibadakuli
23 Juni 2024

Mama mwenzangu Euphrasia,

Umeona nilivyoanza. Usijivune, soma.

Barua yako niliisoma chooni, maana nyumba ilikuwa na wageni na Hamza anazunguka kama jogoo. Nilikasirika. Nilisema huyu mwanamke sasa amekosa la kunyang'anya, anataka na masikio. Nikatoka, nikapika pilau, nikampakulia kila mtu, nikacheka na kila mtu. Hamza akaniita mara tatu nimempa mgongo. Mara ya tatu nilijua kwa sababu Doto alinigusa bega, na nilipogeuka nikamkuta Hamza amesimama na sahani, ananitazama vile alivyokuwa ananitazama siku ya kwanza ya shule nilipomwacha getini. Nikamwambia, "Kaa chini mwanangu." Nikampa barua yako aisome.

Aliisoma mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akarudi na spika na bisibisi.

Tulikaa pale mashineni, mashine imezimwa kwa ajili ya Idd. Akaweka namba moja. Nikagusisha ncha ya bisibisi kwenye spika, mpini nyuma ya sikio, nikafumba macho, kama ninavyosikiliza beringi. Ndege sikumsikia, mama mwenzangu. Sikudanganyi, sikumsikia hata kidogo. Ila chini yake kuna kitu kinatembea. Taratibu, hatua mbili, kinasimama, hatua mbili, kama mtu mzima anayemfuata mtoto kwa mbali asimshitue. Nikamwambia Hamza, "Huyu anayetembea huku chini ni nani?" Akasema, "Wapi?" Ameusikiliza wimbo huo tangu Februari, na hajawahi kumsikia! Akachukua bisibisi, akafumba macho, akasema, "Haki ya Mungu, yupo." Sasa na wewe kaa, mwalimu, na masikio yako yote mazima, uniambie kama ulikuwa unamfahamu. Kama hukumfahamu, basi ujue nani amemfundisha nani.

Alhamisi nilikwenda hospitali na Hamza. Daktari kijana, mpole. Alinivika vikombe masikioni, akaniambia kila nikisikia sauti niinue kidole. Kisha akakaa upande wa pili wa kioo. Nikamwona anabonyeza. Anabonyeza. Anabonyeza. Na kidole changu kiko pajani, kimelala. Nilitaka kukiinua kwa aibu tu, nimdanganye kama nilivyowadanganya ninyi wote. Zilipokuja za chini kikainuka chenyewe, kila mara, hakikukosa hata moja. Daktari akasema hizo za chini nazisikia kama msichana. Nimeshamwambia kila mtu mashineni sehemu hiyo.

Zilizoondoka hazirudi, ndivyo alivyosema. Kuna kifaa cha kuvaa, tutakiona. Nyumbani nilimwuliza Hamza: "Nikiimba sasa hivi, sauti yangu inafika kule ilikokuwa inafika?" Akasema inafika. Simsadiki, lakini alisema haraka, bila kufikiri, kwa hiyo nimechukua.

Doto nimempelekea paja zima la mbuzi. Hajui ni la nini. Usije ukamwandikia.

Nikueleze ninavyokuonea wivu sasa, maana umeniambia wako. Kwanza nilikuonea kwa mtoto. Sasa nakuonea na kwa ndege. Wewe unao wote wawili asubuhi moja, unafungua mlango unawasikia. Mimi nina yule anayetembea chini.

Narudisha kadi yako kwa mkono wa Hamza. Fidla zako nne kubwa nimezinakili kwanza. Hizo, mama mwenzangu, ni kitu. Niliweka kiganja kama ulivyosema, na Mungu amrehemu Cornel, alikuwa mtu mwenye akili. Ndani ya kadi nimeongeza kipande kimoja cha mwisho. Ni mimi. Ndio huo wimbo unaokukera, beti zote mwanzo hadi mwisho, Hamza amenirekodi. Kaa chini usikilize, usipike ndizi. Utasikia mngurumo, usiseme kadi imeharibika: niliiwasha mashine makusudi, kwa sababu wimbo huo haujawahi kuimbwa bila mashine, nami sijui mwanzo wake nikiwa kimya. Msikilizaji mpya asikilize mara tatu.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonikalisha kuandika.

Daktari aliponipima mimi, nilimwambia ampime na Hamza. Hamza akacheka, akasema yeye bado. Kidole chake kilichelewa, Euphrasia. Kwenye zile za juu kabisa, kilichelewa. Hakikulala kama changu, lakini kilichelewa, nilikuwa nimekitazama. Daktari amempa vile vya kuziba masikio, vikubwa kama vikombe, avae muda wote akiwa karibu na karasha. Naye ameshaanza maneno yake, kwamba fundi akiziba masikio atajuaje mashine inaumwa wapi. Nimemwambia atumie bisibisi, mfupa unasikia. Amesema sawa mama. Namfahamu "sawa mama" yake. Nilimzaa nayo.

Mimi niko Shinyanga. Siwezi kusimama mlangoni kwako kila asubuhi. Nimelifikiria hili siku tatu, nikatafuta mtu mwingine wa kumwomba, nikakosa. Kwa hiyo wewe uliye karibu: kabla hajatoka, muite. Mtazame masikioni. Kama hajavaa, mrudishe ndani, na akibisha mnyime ndizi.

Na ukimvalisha, mwambie ni mama yake aliyesema.

Chiku
(Mama Hamza)